Watoto waliokuwa chumbani nao ni majeruhi

Mhariri,

Msimu wa korosho unakaribia, na kabla pesa haijaanza kuingia vijijini tunaomba nafasi ya kueleza jambo ambalo habari za ugomvi wa majumbani huliruka. Habari hizo hutaja mke aliyepigwa, panga lililotumika, kijiji, na kamanda wa polisi aliyethibitisha. Watoto waliokuwa ndani hawatajwi kabisa, au huandikwa kwamba walinusurika. Sisi tunaofanya kazi za ustawi wa jamii, uuguzi na unasihi shuleni katika mikoa ya Lindi na Mtwara huwahesabu watoto hao kuwa majeruhi, hata kama hakuna kofi lililowagusa.

Mtoto akisikia kishindo na kilio cha mama yake, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo husimamisha kazi yake. Homoni nyingine, kotisoli, huuweka mwili macho kwa muda mrefu zaidi. Tukio likiwa la mara moja, na akapatikana mtu mzima anayeaminiwa wa kumshika na kumtuliza, hali hiyo hupoa. Yakiwa mambo ya kila mwisho wa wiki, mwili hauzimi tena tahadhari: mtoto hulala usingizi wa mang'amung'amu, husikiliza nyayo za anayekuja, na akili ambayo ingeshika hesabu inashughulika na mlango.

Hapo ndipo walimu wengi hukosea kumsoma. Mwalimu akigonga meza kwa rula ili darasa litulie, watoto wote hunyamaza. Mmoja huruka kitini, au hujikojolea. Huyohuyo ndiye anayesinzia saa nne asubuhi, anayepigana kwa kuguswa bega, ambaye daftari lake lina nusu ya kilichoandikwa ubaoni. Huitwa mtukutu au mzito wa kichwa, kisha huchapwa. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Lakini kwa mtoto wa namna hii hata kiboko kimoja cha halali kinamthibitishia tu kwamba shuleni nako si salama.

Kuna wanaosema mtoto mdogo haelewi, atasahau. Mtoto wa miezi 6 hajui kwa nini baba anafoka, ila anahisi mikono iliyombeba inatetemeka. Atalia bila kubembelezeka, atakataa kunyonya, atashtuka ovyo usingizini. Wa miaka 3 au 4 aliyekwishaacha kukojoa kitandani huanza upya, hung'ang'ania kanga ya mama hadi chooni, na maneno aliyokwisha kuyajua hupungua. Wa shule ya msingi hulalamika tumbo au kichwa ambacho kipimo cha malaria hakikioni, na katika mchezo wa kibaba na kimama hurudia palepale: baba anapiga, mama anaanguka. Mtoto akicheza hivyo msimfokee. Anaeleza kwa njia aliyo nayo. Waliobalehe hugawanyika. Wapo wanaojifungia kimya, na wapo wanaoanza pombe, utoro na kupiga wadogo zao. Msichana anaweza kukimbilia kwa mwanamume yeyote mwenye chumba, ilimradi aondoke nyumbani.

Madhara hayaishii utotoni. Utafiti mkubwa uliofanyika San Diego, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998 uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 juu ya mabaya 7 ya utotoni, mojawapo likiwa kumwona mama akipigwa. Waliotaja 4 au zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi, mara 4 hadi 12, ya kuwa walevi, kutumia dawa za kulevya, kupata sonona au kujaribu kujiua. Hiyo ni hatari, si hukumu. Mtu mzima mmoja mtulivu aliye karibu na mtoto, awe bibi, mjomba au mwalimu, hupunguza sana uzito wa mambo hayo. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana walipitia ukatili wa kimwili. Wengi wa waliotendewa hawakupata huduma yoyote.

Sasa, jirani au ndugu afanye nini usiku uleule? Kwanza mtoto aondolewe mahali penye damu, kelele na umati. Watoto wa tumbo moja wasitenganishwe, na wasipelekwe kwa mtu wasiyemjua kwa sababu tu ana nafasi. Kaa chini usawa wa macho yake, mpe maji, mfunike. Mwambie ukweli kwa maneno machache: "Mama ameumia, amepelekwa hospitali. Wewe hujakosea. Leo utalala hapa na shangazi." Usimdanganye kwamba mama kasafiri, kesho atasikia kisimani. Akitetemeka, pumueni pamoja: hewa iingie puani kwa hesabu ya 3, itoke mdomoni polepole kwa hesabu ya 5, mara 5 au 6. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza. Asipotaka, mwache. Siku zinazofuata arudishiwe ratiba yake: uji asubuhi, shule, mpira, kulala saa ileile. Ratiba ya kawaida ni dawa kuliko mawaidha.

Linaloharibu zaidi ni kikao cha ukoo. Wazee hukaa mkekani, mtoto wa miaka 8 husimamishwa katikati na kuulizwa, "Haya, sema, nani alianza?" Jibu lolote atakalotoa litamfanya msaliti wa mzazi mmoja. Tena maswali ya kumtilia maneno mdomoni, mfano "Alikuwa ameshika panga, sivyo?", huchanganya kumbukumbu yake na kudhoofisha ushahidi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi mahakamani bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Kwa hiyo maneno yake ni mali. Aulizwe na ofisa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, faragha, na mara chache iwezekanavyo.

Kama mtoto mwenyewe amebakwa au kulawitiwa, saa ndizo zinazohesabika. Afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, ili aanzishiwe dawa za kuzuia VVU, ambazo humezwa kwa siku 28. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura yasisubiri karatasi. Palipo na kituo cha mkono kwa mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii hupatikana chini ya paa moja. Wanaokubali kuyamaliza kifamilia kwa mbuzi na fedha wajue kwamba mtoto ataendelea kukutana na mtu yule njiani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya eneo lake. Anza na mtendaji wa kijiji au mtaa, au ofisa ustawi wa jamii. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure. Dalili tulizozitaja zikizidi mwezi mmoja bila kupungua, mtoto apelekwe kituo cha afya na ielezwe wazi alichokiona, siyo tumbo tu. Akianza kuzungumzia kufa, akikataa kula au akitoroka nyumbani, msisubiri mwezi.

Upande wa mpakani kuna la ziada. Vijiji vya kando ya Ruvuma vilionja hofu ya vita vya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, hasa baada ya shambulio la Kitaya la Oktoba 2020. Mtoto aliyekimbia usiku ule anaweza kushtuka leo kwa fataki za harusi. Kuna pia video za mauaji zinazozunguka kwenye makundi ya simu. Baba akiiacha simu mezani, mtoto ameshaziona, na kwa mtoto mdogo kila anaporudia kuzitazama ni kama tukio linatokea upya. Zifute, usizisambaze.

Gazeti lako linaweza kusaidia kwa jambo dogo: habari ya ukatili wa nyumbani isitaje jina la baba pamoja na kitongoji, maana mtu wa kijiji kama Luagala akisoma hayo mawili ameshamjua mtoto ni nani na anasoma wapi. Chini ya habari iwekwe namba 116.

Turudi kwenye msimu. Kuanzia Oktoba minada huanza, malipo huingia, na mabibo hugeuka uraka, yaani pombe. Ugomvi wa pesa ya korosho na wa mke wa pili hujulikana kila kijiji. Pombe isibebeshwe lawama yote. Mlevi anayempiga mkewe usiku hampigi mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliyekutana naye njiani. Baba au mama aliyepiga mbele ya watoto awafuate akiwa hajalewa, aseme, "Nilikosea, si kosa lenu," na asidai kusamehewa papo hapo. Kisha aache.

Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa vijijini chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zikutane Septemba, si Januari. Zikubaliane ni nyumba zipi mbili au tatu ambazo mtoto anaweza kukimbilia usiku, na watoto waambiwe. Makungwi na manyakanga washirikishwe, kwa kuwa familia nyingi huwasikiliza kuliko ofisa wa halmashauri. Walimu nao watazame mahudhurio: mtoto aliyekuwa haachi shule akikosekana siku 3 katika wiki moja ya Novemba, mwalimu wa unasihi ampitie nyumbani kwanza, kabla barua ya utoro haijaandikwa na kupelekwa kwa mzazi aliyemfanya asije.

Wahudumu wa ustawi wa jamii, wauguzi na walimu wa unasihi,
Masasi, Mtwara