Barua kwa binti yangu aliyechagua mimea midogo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Unasema wenzako wanakushangaa kwa kuchagua kusomea ile mimea midogo ya kijani iitwayo moss kwa Kiingereza, inayotanda juu ya mawe na magome ya miti, isiyotoa maua wala kuwa na mizizi ya kweli. Basi ngoja nikupe habari za Elizabeth Britton, mtaalamu wa mimea hiyo hiyo.

Alizaliwa New York mwaka 1858, na sehemu ya utoto wake aliishi Kuba, ambako jamaa zake walikuwa na shamba la miwa. Alihitimu chuo cha ualimu akiwa na miaka 17, akabaki hapo hapo kufundisha. Mwaka 1885 aliolewa na Nathaniel Britton, msomi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mume akapanda vyeo. Mke akawa anafanya utafiti wake bila mshahara. Hata cheo cha msimamizi wa mkusanyiko wa mimea hiyo, alichopewa mwaka 1912, kilikuwa cha heshima tu. Jambo hilo linaniuma kila nikilifikiria, na wewe usikubali kufanyiwa hivyo.

Lakini itazame kazi yenyewe. Katika aina nyingi za mimea hiyo, kikonyo chembamba kama uzi hubeba kikopo chenye kifuniko, na ndani yake mna spora, yaani chembe ndogo sana za uzazi. Kifuniko kikidondoka, mdomoni yanabaki meno, mara nyingi 16, ambayo hujikunja na kujikunjua kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na ndivyo spora zinavyotoka kidogo kidogo. Mtaalamu huyakagua meno hayo kwa hadubini ili kutofautisha aina moja na nyingine. Na mmea uliokaa mkavu kabatini miaka na miaka, ukiulowesha tu, majani yanakunjuka, unauchunguza upya! Ndiyo maana Elizabeth aliwachangisha marafiki wenye uwezo ili mkusanyiko mkubwa wa mtaalamu wa Uswisi, August Jaeger, ununuliwe na kuletwa New York. Aliandika makala zaidi ya 300, nyingi zikihusu mimea hiyo.

Bustani ya mimea ya New York nayo ina mkono wake. Mwaka 1888 alitembelea bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, pamoja na mumewe, akaona mji wao nao unastahili bustani ya namna ile. Ilianzishwa mwaka 1891. Baadaye, 1898, alishiriki kuunda chama cha wapenzi wa mimea hiyo, na chama hicho kipo hadi leo, ingawa jina limebadilika. Jenasi moja ya mimea hiyo, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, ilipewa jina lake: Bryobrittonia.

Wakikuuliza tena, waonyeshe hayo meno. Utahitaji kioo cha mkononi kinachokuza mara 10, na hadubini ya chuo kwa kazi ya ndani zaidi. Kama kioo huna, niandikie wiki hii nikutumie.

Mama yako