YAH: Boti ya pontuni mliyoniuzia kwa safari za Ukerewe ilhali ni ya maji yaliyotulia

Kirumba, Mwanza
28 Julai 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Jibu lenu la wiki iliyopita nimelipata. Mnasema maji yaliingia kwenye boti kwa sababu ya uzembe wa nahodha na mzigo kupita kiasi. Siku hiyo walikuwamo wageni wanane na mabegi yao ya mgongoni, na kibati cha boti yenyewe kinaruhusu watu kumi na wawili. Kwa hiyo la mzigo tuliweke kando, tuzungumzie mlichoniuzia.

Kabla sijalipa hata senti niliwaandikia WhatsApp kwamba boti itabeba wageni kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na kurudi jioni, kiangazi chote. Niliuliza waziwazi kama mapipa mawili ya alumini yanayoielesha sitaha majini yanatosha au nichukue yenye mapipa matatu. Ofisa wenu alijibu, na ujumbe wake ninao hadi leo: "Ziwa siyo bahari, bosi. Hiyo hata Zanzibar inafika." Pipa la tatu akaliita anasa.

Ndani ya ghuba ya Mwanza, kuzunguka Saanane au kuvuka kwenda Kamanga, boti yenu inakwenda vizuri na wageni wanaifurahia. Sina neno hapo. Lakini ukishatoka ghubani ukafika mdomo wa ghuba ya Speke, hakuna tena cha kukukinga. Ziwa hili lina takriban kilomita za mraba 68,800, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu. Anayerudi Mwanza jioni anaukabili usoni. Mawimbi yake ni mafupi na yamefuatana, moja halijapita jingine limefika. Mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inayapanda kwa kuwa mbele imeinuka. Boti yenu mbele ni bapa kama meza.

Ndivyo ilivyokuwa. Wimbi la kwanza lilituinua, la pili likatukuta tunashuka. Ncha za mapipa zikachoma maji, maji yakapanda juu ya sitaha, yakasukuma kigeti cha mbele mpaka komeo likapinda, yakafika kwenye viti. Nahodha wangu, ambaye mnamwita mzembe, hakukata moto ghafla, maana boti ya namna hii ukiikatia moto mbele inazidi kuzama. Aliongeza kidogo ili pua inyanyuke, kisha akayakabili mawimbi kwa mshazari. Hapo tena parapela ikawa inatoka majini na kulia hewani, kwa kuwa mashine mliyoifunga ina shafti, yaani mguu unaoshusha parapela majini, ya inchi 20. Kwa mawimbi hayo ilihitajika ya inchi 25. Tulifika, ila mama mmoja alikuwa anasali kwa sauti, na sikumlaumu. Watu wa huku wanaikumbuka MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018. Hakuna anayecheka maji yakiingia chomboni.

Tulipoipandisha nchi kavu nililala chini yake na tochi. Mihimili inayobeba sitaha iko wazi kabisa, haikufunikwa kwa bamba la alumini chini yake, kwa hiyo kila wimbi linagonga mhimili mmoja mmoja na kuirudisha boti nyuma. Nati mbili zimekatika. Kwenye kishikizo cha pipa la kushoto, pale palipochomelewa, kuna ufa unaoingia ukucha. Picha nimeziambatanisha.

Sasa tuje kwenye kibati chenyewe, kilichopigwa ribiti nyuma ya kiti cha nahodha. Pembeni ya idadi ya abiria kuna herufi D. Kwa utaratibu wa Ulaya wa kupanga boti, ambao mtengenezaji wenu anaufuata, D ni chombo cha maji yaliyokingwa: upepo usiozidi nguvu ya 4 kwa kipimo cha Beaufort, mawimbi ya kama sentimita 30, na mara mojamoja nusu mita. Cha pwani, ghuba kubwa na maziwa kinaandikwa C, yaani upepo hadi nguvu ya 6 na mawimbi hadi mita 2. Mtengenezaji amesema ukweli kwenye bati. Tangazo lenu ndilo linalosema "bahari ya wazi na maziwa makubwa".

Wala si siri kwamba boti hizi hazikuzaliwa kwenye maji makubwa. Mwanzilishi wake, Ambrose Weeres, alikuwa mkulima wa Minnesota, Marekani, aliyefunga jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili apate boti iliyotulia kwenye ziwa dogo. Tangu hapo zimeboreshwa sana, na zipo zinazohimili maji ya wazi. Hizo ndizo nilizoulizia.

Kitu pekee cha bahari nilichokikuta kwenye boti yangu ni vipande vya zinki vya kuzuia kutu. Navyo ni vya maji ya chumvi. Kwenye maji baridi kama yetu vinajifunika utando na kuacha kufanya kazi. Huku tunafunga vya magnesi.

Ninachodai ni hiki. Ichukueni boti hii kwa gharama zenu, mniletee ya mapipa matatu yenye kipenyo kisichopungua inchi 25, iliyofunikwa chini ya sitaha, shafti ya inchi 25, na kibati chenye herufi C. Tofauti ya bei nitalipa. Kama hamnayo, nirudishieni fedha zote pamoja na nauli ya lori la kutoka Dar. Kubadilishiwa nati na kuchomelewa ufa, kama mlivyopendekeza, sikubali.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Mimi nilieleza kwa maandishi. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, jalada hili pamoja na tangazo lenu nitalipeleka Tume ya Ushindani.

Boti imefungwa mwaloni na haibebi abiria. Fundi wenu anaweza kuja kuikagua siku yoyote ya kazi, ila aje na mtu mwenye mamlaka ya kusaini.

Wako katika biashara,

Mmiliki, huduma ya boti za wageni
Kirumba, Mwanza

Viambatanisho: nakala ya ankara na stakabadhi, ujumbe wa WhatsApp, picha za kibati, nati na ufa.