Chama cha wenye viwanda vya mavazi kiende serikalini na hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lalamiko ambalo wenye viwanda vya mavazi hulirudia kila bajeti inapokwisha kusomwa, kwamba serikali haiwasikilizi. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika ofisi ya chama chao kimoja, na kwa niliyoyaona huko nasema kwamba mara nyingi husikilizwa, ila wakishapewa nafasi ya kusema huwa hawana hoja ya kushikika.

Nakumbuka kikao ambamo ujumbe wetu uliwasilisha waraka wa kuomba ushuru wa malighafi upunguzwe. Ofisa wa forodha aliusoma hadi mwisho, kisha akauliza: malighafi ipi? Tukajibu kuwa ni vitambaa, uzi, vifungo na zipu. Akauliza tena: vitambaa vipi? Katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha karibu dunia nzima, vitambaa vya pamba vilivyofumwa vimo katika sura ya 52, vile vya poliesta na nyuzi nyingine za viwandani vimegawanywa kati ya sura ya 54 na ya 55, vya fulana vina sura yao ya 60, vifungo viko kwenye fungu la 9606 na zipu kwenye 9607. Hata uzi wa kushonea umetawanyika katika mafungu zaidi ya moja. Miongoni mwetu hapakuwa na aliyekuja na namba hata moja, wala aliyeweza kusema serikali ingekosa mapato kiasi gani kwa kila fungu na ingeyafidia wapi. Yule ofisa hakutukatalia. Alifunga jalada akatuomba turudi tukiwa tayari, na tulipokuwa tayari bajeti ilikuwa imekwisha kupitishwa.

Wapo wanaoijua kazi hii. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika hakikuishia kulalamika. Mwaka 2017 kilipeleka ombi rasmi kwa mwakilishi wa biashara wa nchi yao, kikitumia masharti ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru, na kudai kwamba ajira zisizopungua 40,000 zilikuwa hatarini. Hesabu hiyo ilibishaniwa sana, na mimi mwenyewe siiamini, lakini ilikuwa mezani na yetu haikuwapo. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda iliposhikilia wake, mavazi yake yaliondolewa katika msamaha wa ushuru mwaka 2018.

Kwa nini hesabu zetu hazikuwapo? Kwa sababu wanachama hufichana. Kila mwenye kiwanda anaogopa kwamba akitaja idadi ya cherehani zinazofanya kazi, oda alizopoteza au miezi ambayo marejesho yake ya kodi yamekwama, jirani yake atamnyang'anya mnunuzi. Hofu hiyo ina msingi, na tena wanachama wakianza kupeana bei watakuwa wanavunja sheria za ushindani. Dawa yake ni kuajiri mtakwimu aliyefungwa na kiapo cha siri, apokee fomu fupi ya kila mwezi kutoka kila kiwanda na kutoa jumla peke yake, bila jina la kiwanda wala bei. Mshahara wa mtu huyo, nathubutu kusema, hauzidi gharama za hafla ya mwaka ya chama.

Kuna pia ugomvi wa nyumbani ambao hatupendi kuutaja. Mwenye kiwanda cha kufuma anataka kitambaa cha nje kitozwe ushuru mkubwa. Mshonaji, ambaye kwake kitambaa ndicho gharama kubwa kuliko zote, anataka kiingie bure. Wakifika wizarani kwa siku mbili tofauti na maombi yanayopingana, wizara ina kila sababu ya kutofanya lolote. Afadhali wagombane kwanza katika ukumbi wao, wakubaliane ni vitambaa vipi vinafumwa nchini kwa ubora na wingi unaotosha na vipi havifumwi, halafu waende na orodha moja.

Chama kinachotaka kuaminiwa kuhusu ushuru lazima pia kiaminike kuhusu wafanyakazi. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka huko Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, makubaliano ya usalama wa majengo yaliyofuata mwezi uliofuata yalitiwa saini na kampuni za wanunuzi na vyama vya wafanyakazi. Chama cha wenye viwanda, ambao majengo yao ndiyo yangekaguliwa, hakikuwa miongoni mwa waliotia saini. Ilichukua hadi mwaka 2020 kwa chombo kipya cha ukaguzi kuundwa ambamo wenye viwanda nao wana viti.

Ombi langu kwa viongozi wa vyama hivi ni kwamba waraka wa bajeti ijayo uanze kuandikwa sasa, kabla wizara haijatangaza siku ya kupokea maoni, na kila ombi litaje namba ya fungu, kiwango cha sasa, kiwango kinachopendekezwa na mapato yatakayoguswa.

Wako,
Mdau wa sekta ya mavazi