Indri hafugiki kama aksoloti

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala yenu iliyomlinganisha indri, lemuri (jamaa wa mbali wa nyani) wa Madagaska, na aksoloti, salamanda (jamaa wa chura mwenye mkia) wa Meksiko, siwezi kuinyamazia. Mwandishi anadai kwamba kwa kuwa wote wako hatarini kutoweka, dawa ni moja: wazalishwe kwenye vizimba. Tayari mwanafunzi mmoja amenijia na nakala mkononi, akiuliza kwa nini Madagaska haina shamba la indri.

Haina kwa sababu indri hafugiki. Kila aliyejaribu aliishia kuzika mnyama. Lemuri huyu hula majani machanga, mbegu na maua ya miti mingi ya misitu ya mashariki ya kisiwa, chakula ambacho hakuna bustani ya wanyama iliyoweza kukitengeneza. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka miwili au mitatu kabla ya mwingine. Msitu ukifyekwa na kuchomwa kwa kilimo cha mpunga, au miti ikigeuzwa mkaa, hakuna akiba popote. Aksoloti ni kinyume kabisa: hutaga mamia ya mayai kwa mkupuo, hukomaa kwa takriban mwaka mmoja, na amekuwa akizaliana maabara tangu alipopelekwa Paris mwaka 1864. Matangi yamejaa, lakini kwenye mifereji ya Xochimilco, jijini Meksiko, anakoishi porini, watafiti walikadiria 6,000 kwa kilomita ya mraba mwaka 1998, na mwaka 2014 wakapata 36. Maji yamechafuka, na samaki walioletwa, akiwemo sato kutoka Afrika, hula mayai na makinda. Ukimwaga wa tangini humo, umewalisha sato. Tena wengi wa maabara za Marekani walishachanganywa damu na salamanda wa aina nyingine.

Na picha je? Mlichapisha aksoloti wa waridi, rangi ya matangini. Wa porini ni weusi wenye ukijani. Halafu acheni kumwita komba wetu lemuri. Ni jamaa wa mbali tu.

Chapisheni masahihisho kwenye ukurasa uleule, pamoja na jedwali la safu tatu: idadi ya watoto kwa uzazi mmoja, umri wa kuanza kuzaa, na kinachomuua porini. Chini yake wekeni dawa: kwa indri andikeni ulinzi wa msitu. Kwa aksoloti andikeni vichujio kwenye milango ya mifereji, sato wabaki nje.

Mwalimu wa Biolojia,
Tanga