Jengo moja la kale la Lubumbashi litengwe kwa ajili ya wachoraji

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwaeleze wasomaji jambo lililofanyika Rimini, mji wa Italia ulio kando ya bahari ya Adriatiki, kwa kuwa naamini linatuhusu sisi wa Lubumbashi.

Katika uwanja wa Cavour mjini humo kuna Palazzo dell'Arengo, jengo la mwaka 1204. Halikuwa kasri la mfalme wala nyumba ya askofu, bali jumba la mji, ambamo baraza lilikutana katika ukumbi mkubwa wa juu, na chini yake kuna sehemu wazi yenye matao. Kando yake, katika karne ya 14, lilijengwa jumba la mkuu wa mji, ambaye Waitalia walimwita podestà. Rimini ilipigwa mabomu vibaya sana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, lakini majumba hayo mawili yamesalia, na mwaka 2020 yalifunguliwa pamoja kuwa makumbusho ya sanaa ya kisasa. Kazi zilizomo zilitolewa na wasanii, wakusanyaji na wenye nyumba za sanaa kwa wakfu wa San Patrignano, jumuiya ambayo tangu 1978 inawasaidia vijana kuacha dawa za kulevya. Humo humo umewekwa mchoro mkubwa wa Hukumu ya Mwisho, uliochorwa na mafundi wa Rimini wenyewe katika karne ya 14, hivyo kwamba kazi za leo zinakaa chini ya paa moja na kazi za mababu wa mji. Hilo ndilo lililonigusa zaidi.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 tu, lakini mababu wa sanaa tunao. Katika karakana ya uchoraji ya Le Hangar, aliyoianzisha hapa Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, walitokea wachoraji Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda-Matulu alichora hapa historia ya nchi yetu, picha baada ya picha, na leo mfululizo huo umehifadhiwa Amsterdam. Mtoto wa mtaa wetu wa Kamalondo anayetaka kuuona inambidi apate viza! Tangu 2008 tuna pia Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, inayowaleta wasanii na wageni wengi, lakini maonyesho yakiisha kazi nyingi huondoka.

Wako watakaosema kwamba maji na barabara vitangulie. Ni kweli vinahitajika, wala sipingi. Lakini majengo ya zamani ya umma yanahitaji paa na rangi hata yakiachwa matupu, na yakiachwa matupu huharibika upesi zaidi. Rimini haikujenga jumba jipya; ilitengeneza lililokuwapo, ikalipatia kazi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa mji na wa mkoa waandike orodha ya majengo ya umma yaliyojengwa kabla ya 1960, kabla halijauzwa wala kubomolewa hata moja, kisha jengo moja litengwe kwa mkataba ulioandikwa, wenye kueleza nani anamiliki kila kazi itakayotolewa na nani atawajibika ikipotea. Wachoraji waitwe mkataba huo unapotungwa, si siku ya kukata utepe.

Msomaji wako,
Lubumbashi