NAS haionekani kwenye simu? Anzia kwenye ruta

Wateja wetu wengi wa NAS, yaani kifaa chenye diski kinachohifadhi mafaili ya nyumba nzima kupitia mtandao, ni wapiga picha za harusi, wenye studio ndogo, na familia zilizochoka kufuta picha kila simu inapojaa. Wakishaipeleka nyumbani, simu tunazopigiwa hufanana: kifaa kinawaka, taa ni za kijani, lakini laptop inakitafuta na haikioni. Mara nyingi NAS yenyewe ni nzima kabisa. Tatizo liko kwenye ruta, hasa nyumba ikiwa na ruta mbili.

Mafundi wa faiba wanapokuja kuunganisha huacha kifaa cha kampuni sebuleni, nacho tayari kinatoa Wi-Fi. Mawimbi yakishindwa kufika vyumbani, mwenye nyumba ananunua ruta ya pili na kuivutia waya kutoka ile ya kwanza. Hapo nyumba moja imepata mitandao miwili. NAS iliyochomekwa sebuleni imepewa anwani kama 192.168.1.20, na simu iliyoko chumbani ina 192.168.0.15. Simu ikiitafuta NAS kwa jina haipati kitu, maana utafutaji wa aina hiyo hauvuki ruta. Ukigeuza, NAS ikae chumbani na simu itumie Wi-Fi ya sebuleni, kwa kawaida hata ukiandika anwani kwa mkono haifunguki.

Dawa yake haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, uiweke kwenye hali ambayo ruta nyingi huiandika AP Mode. Itabaki kusambaza Wi-Fi tu, na kazi ya kugawa anwani itafanywa na ruta moja. Hakikisha pia simu haijaunganishwa na Wi-Fi ya wageni, kwa sababu ile imetengenezwa makusudi isiguse vifaa vingine vya nyumbani. Ukimaliza, iambie ruta iitengee NAS anwani ya kudumu. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa anwani nyingine, na njia za mkato zote ulizoweka kwenye kompyuta zikafa.

NAS ichomekwe kwa waya kila inapowezekana. Angalia na tundu lenyewe: ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya Mbps 100, yaani megabaiti 11 au 12 kwa sekunde. Kadi ya kamera ya GB 64 iliyojaa itachukua kama saa moja na nusu kuhama. Kwenye tundu la gigabiti moja, na diski zinazoweza kuhimili kasi hiyo, kadi hiyohiyo inahama kwa takriban dakika 10. Kama ruta ni ya gigabiti na bado kasi imekwama kwenye 100, chunguza kichwa cha waya. Gigabiti inahitaji nyaya zote 8 za ndani, wakati Mbps 100 inatosheka na 4, kwa hiyo uzi mmoja usiobanwa vizuri unatosha kuangusha kasi bila muunganisho kukatika.

Wengi hutuuliza kama kuhamisha picha kwenda kwenye NAS kunakula bando. Hapana. Mafaili yanapita ndani ya nyumba tu, na hata intaneti ikiwa imeisha kazi inaendelea.

Ukiwa nje ya nyumba mambo hubadilika. Utakutana na video za mafunzo zinazokuambia ufungue porti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, ili uifikie NAS kutoka popote. Tunakuomba usifanye hivyo. Mwaka 2021 programu hasidi ya Qlocker, na mwaka 2022 ile ya DeadBolt, ziliwafungia mafaili watu wengi waliokuwa na NAS za kampuni ya QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti, kisha zikawadai fedha. Tena kwa wateja wengi wa hapa porti haisaidii hata ukiifungua. Anwani za intaneti za aina ya IPv4 ni chache, kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Fungua ukurasa wa hali ya ruta yako: anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, nawe uko kwenye kundi hilo.

Sisi huwawekea wateja programu ya Tailscale, ambayo huunganisha simu na NAS kwa njia iliyosimbwa bila kufungua porti yoyote. Kumbuka tu kwamba ukiwa mbali, kasi unayoipata inategemea kasi ya kupakia ya nyumbani. Kifurushi chenye Mbps 20 za kupakia kitakuletea video ya GB 5 kwa zaidi ya nusu saa.

Kuhusu diski mbili zinazonakiliana: zinakuokoa diski moja ikifa, lakini ukifuta faili linafutika kwenye zote mbili, na mwizi akibeba NAS amebeba zote. Picha za harusi ya mtu haziwezi kupigwa upya. Weka nakala nyingine kwenye diski ya nje inayokaa nyumba tofauti, na ununue UPS ndogo (kifaa chenye betri ya akiba) itakayoshikilia NAS na ruta umeme unapokatika.

Kabla ya kutuita, piga picha ya nyuma ya kila ruta, matundu na nyaya zikionekana, ututumie. Tukishaziona, mara nyingi tunaweza kukuelekeza kwa simu bila fundi kuja.