Chuma cha kuvutia tela kisichaguliwe kwa macho

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Shemeji yangu hapa Mikindani kanunua tela la kulala, lile lenye vitanda na jiko ndani, analivuta kwa pikapu. Safari ya kwanza tulipakia jenereta na madumu ya maji kule nyuma kabisa, tunashuka mteremko wa Newala kwenda Masasi tela likaanza kuyumba, mara kushoto mara kulia, likawa linalivuta na gari. Alichofanya ni kuachia mafuta taratibu, hakukanyaga breki kwa nguvu wala hakukata usukani, ndo tukapona.

Kurudi tukahamishia kila kitu upande wa mbele wa tela. Hapo nako pikapu ikakaa matako chini, taa zinamulika minazi badala ya barabara na usukani mwepesi ajabu, kwa sababu uzito umelalia nyuma na tairi za mbele zimepungukiwa.

Fundi mmoja akasema tuchomelee chuma kinene zaidi. Jamani mafundi wangu, unene hauhamishi uzito! Kinachotakiwa hapo ni kile chuma chenye fimbo mbili za springi, ukizikaza zinarudisha sehemu ya uzito kwenye tairi za mbele za gari na nyingine kwenye tairi za tela. Ila fimbo zina saizi, na saizi haichaguliwi kwa uzito wa tela zima, inachaguliwa kwa uzito unaokandamiza pale linaposhikana na gari, tela likiwa limeshapakiwa kila kitu. Kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15, yaani tela la kilo 1,200 unategemea kilo 120 mpaka 180. Sisi tuliomba mizani ya kupimia korosho pale ghalani, tukalaza kichwa cha tela juu yake kwa kimo kilekile cha kuvutia, ikasoma 165. Ukijumlisha na mizigo ya kilo 60 iliyo kwenye bodi ya pikapu nyuma ya ekseli inakuwa 225, basi fimbo ziwe za kiwango hicho, zikiwa laini hazisaidii na zikiwa ngumu kupita kiasi zinatesa fremu ya gari na ya tela.

Ukishafunga, pima kwa futi kimo cha madigadi ya mbele, kabla hujaunganisha tela, ukiunganisha, na ukishakaza fimbo, kile kimo kilichoongezeka ulipounganisha kirudi chini walau nusu. Na msidanganyane, fimbo haziongezi uwezo wa gari, kama kitabu chake kinasema mwisho kilo fulani ndo mwisho. Kwenye njia za makorongo pia fimbo zifunguliwe kwanza, zinapinda.

Ombi langu kwa wauza vyuma wa Mtwara na Lindi, tuandikieni kilo kwenye kila fimbo. Tulizunguka maduka matatu, kote jibu ni hii ya gari kubwa, hii ya gari dogo, sasa mtu atachaguaje hapo?

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara